Ndama Akihara: Mazungumzo ya Kamati ya Mifugo

(Mazungumzo haya yalisomwa na Kamati ya Mifugo siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi. Tumeombwa na wanachama wengi yaingizwe katika kijitabu hiki, nasi tumeyaacha kama yalivyosomwa.)



Sisi wa Kamati ya Mifugo tumepewa nusu saa. Katibu amekwisha kuwasomea historia ya kikundi, na Mweka Hazina amewaeleza habari za hisa na mikopo, kwa hiyo hayo hatutayarudia. Sisi tumeombwa tuseme habari za ng'ombe. Na katika habari za ng'ombe tumechagua jambo moja ambalo si zuri kulitaja watu wakiwa hawajala, nalo ni kuhara. Mtatusamehe. Wali bado uko jikoni, kwa hiyo muda wa kusahau mtaupata.

Kwa nini kuhara? Kwa sababu fedha za kikundi hiki, tangu siku ya kwanza tulipofungua lile sanduku la kufuli tatu, zimekuwa zikiingia kwenye mabanda ya ng'ombe kuliko mahali pengine popote. Mgeni Rasmi ameona mwenyewe alipopita: hapa kwetu mlimani vihamba ni vidogo, mgomba unagusana na kahawa ya jirani, hakuna mahali pa kuchungia. Ng'ombe anakaa bandani mwaka mzima, na sisi ndio miguu yake. Majani tunayafuata tambarare, tunayabeba kichwani, au tunachanga nauli tunayapandisha kwa pikapu. Mwanachama anakopa, ananunua mtamba mwenye mimba, anangoja. Siku mtamba akizaa, mama yule ana vitu viwili mkononi: maziwa ya kulipia mkopo, na ndama ambaye akiwa jike ni akiba ya pili.

Sasa ndama huyo akifa, hasara si ya ndama peke yake. Ng'ombe wetu wengi ni chotara, wana damu ya kienyeji, na wengine wakikosa ndama wa kuwachokoza kiwele wanagoma kuteremsha maziwa. Mama anabaki na ng'ombe anayekula kila siku asiyetoa kitu, na mkopo uko palepale kwenye daftari.

Hilo lilitupata. Wanachama wa zamani mnakumbuka, na wageni ni vizuri msikie kwetu kuliko msikie njiani. Mwaka wa tatu wa kikundi, masika yale ya mvua nyingi, tulipoteza ndama watatu katika nyumba tatu. Wote walianza vilevile: umri wa wiki moja au chini ya hapo, kinyesi cha maji, cha njano, halafu kinakuwa cheupe-cheupe, mkia umelowa, ndama halali vizuri, hanyonyi vizuri. Mwenzetu wa tatu alikuja kwetu mapema, siku ileile ya kwanza. Alifanya kama kanuni ilivyosema, alikuja kuomba ushauri kwa kamati. Nasi tukamshauri. Tulimwambia amwachishe ndama maziwa siku mbili, tumbo lipumzike, na amwagie mdomoni kapsuli za dawa ya watu zilizobaki nyumbani.

Alitutii. Siku ya nne ndama akafa, macho yameingia ndani kama ya mzee.

Halafu mwenzetu huyo alipoomba asogezewe marejesho, kikao kilimtoza faini ya kuchelewesha. Jambo hilo limeandikwa kwenye daftari la mihtasari, hatuwezi kulifuta. Yeye yuko hapa leo, amekaa pale upande wa migomba, na ametupa ruhusa tuliseme. Basi tunasema mbele ya Mgeni Rasmi na mbele ya kijiji: ndama yule alikufa kwa ushauri wetu. Faini ilirudishwa mwaka uliofuata, lakini maneno hayakuwahi kusemwa hadharani. Leo yamesemwa.

Sasa basi, tulikosea wapi?

Tulidhani kuhara ndio ugonjwa unaoua. Ndama hauawi na kinyesi, jamani. Anauawa na maji na chumvi vinavyotoka pamoja na kinyesi. Ndama wa kilo 35 akipoteza lita tatu na nusu za maji amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hapo macho yanazama, mdomo unapoa, hawezi kusimama. Akizidi kidogo hapo, amekwenda. Na lita tatu na nusu kwa ndama anayehara sana si jambo la wiki, ni jambo la siku moja au mbili. Sisi tulikuwa tumeangalia tumbo linatoa maji, tukaamua kumnyima kinywaji. Ukiona ndoo inavuja, unaacha kuijaza? Lakini ndivyo tulivyofanya, na ndivyo ilivyofanywa hapa miaka yote, hata kwa watoto wetu wenyewe zamani.

Watoto wetu waliokolewa na ile pakiti ya kliniki. Nani hapa hajawahi kupewa ile pakiti ya unga wa kukoroga kwenye lita moja ya maji? Inafaa tujue ilikotoka. Watafiti waligundua kwamba utumbo hata ukiwa mgonjwa bado unaweza kupokea chumvi ikiwa imefuatana na sukari ya glukosi, na chumvi ikipita inavuta maji yapite nayo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa kambini huko India na kipindupindu kikaingia. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliishiwa maji ya kutundika mishipani. Akaamua kuwapa ndugu za wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi, wawanyweshe wenyewe kwa kikombe. Vifo vilivyokuwa vikifika karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hata chini ya vinne. Waliokuwa wameshika kikombe ni akina mama kama sisi.

Na utumbo wa ndama unafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Hilo ndilo bwana mifugo alilotueleza baada ya msiba wetu wa tatu, nasi tukatoka pale tumefurahi, tumejiona tumemaliza. Tukaenda tukafanya kosa la pili.

Tulichukua sukari ya chai. Si ndiyo tunayoijua? Kwa mtoto, pakiti ikikosekana, unachanganya sukari na chumvi kwa kipimo, na inasaidia. Tukampa ndama, akazidi kuhara. Kumbe ndama mchanga tumbo lake limeumbwa kwa sukari ya maziwa, na sukari ya miwa halina uwezo wa kuivunja. Inabaki utumboni inavuta maji kwenda nje badala ya kuyaleta ndani. Kwa hiyo, akina mama, shikeni hili hata kama mengine yote yatapotea: ndama apewe maji yenye glukosi, sukari ya mezani hapana. Duka la dawa za mifugo linauza unga maalumu wa ndama, nao ndio bora kwa sababu una pia kitu cha kupunguza asidi mwilini. Ukikosekana, usiku umeingia na duka limefungwa, pakiti ya kliniki ni ya glukosi; koroga moja kwa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, itakusogeza mpaka asubuhi.

Kipimo tunachokifuata sisi ni hiki. Ndama anayehara tunampa lita mbili asubuhi na lita mbili jioni, na akiwa anamwaga sana tunaongeza mara ya tatu mchana. Maji yawe vuguvugu, kama joto la maziwa yanayotoka kwenye chuchu. Na maziwa hatumwachishi. Anaendelea na maziwa yake kama kawaida, kidogokidogo mara nyingi akiwa dhaifu, kwa sababu maji ya dawa hayashibishi, na ndama asiyeshiba hana nguvu ya kupona. Ila maji na maziwa visichanganywe katika chupa moja. Tunaachanisha kwa saa mbili hivi, maana maziwa yanatakiwa yagande kwanza tumboni ndipo yasagwe.

Na maziwa yenyewe msiyaongeze maji. Tunajua, tunajua. Siku ya kupeleka maziwa mtu anatamani ndama anywe mepesi ili kopo lijae. Maziwa yaliyopunguzwa hayagandi sawasawa, na tumbo linachafuka. Akiba hiyo ya nusu lita ndiyo imewahi kula ndama mzima.

Ndama akiwa hawezi kunyonya kabisa, msimlazimishe kwa kumwinua kichwa juu na kummiminia kwa chupa ya soda. Maji yatakwenda kwenye mapafu, na badala ya kuhara utazika ndama wa kichomi. Hapo ni mtaalamu, mwenye mpira wa kuingiza tumboni au sindano ya mshipa. Tumeweka kipimo rahisi cha kujua kama mtaalamu aitwe usiku huohuo. Finya ngozi ya shingo, uiachie. Ikirudi mara moja, bado kuna nafasi. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, maji yamepungua vibaya. Halafu mtie kidole mdomoni: kama mdomo ni wa baridi na hakinyonyi kidole, usingoje kupambazuke.

Tunarudi nyuma sasa, kwa sababu kuhara kwingi kunaamuliwa siku ile ndama anapozaliwa, na hapa ndipo tungependa akina mama vijana mtusikilize zaidi.

Mtoto wa binadamu anazaliwa akiwa amekwisha kupokea sehemu ya kinga ya mama yake tumboni. Ndama hapokei. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga. Ndama anaingia duniani mtupu kabisa, hana askari hata mmoja, na banda limejaa vijidudu. Kinga yake yote iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano. Na utumbo wake unaipokea kinga hiyo nzima-nzima kwa saa chache tu. Kila saa inayopita mlango unazidi kufungwa, na baada ya siku moja umefungwa. Baada ya hapo atakunywa dang'a kama chakula, lakini askari hawatapita tena kuingia kwenye damu.

Basi ndama apate dang'a ndani ya saa mbili za kwanza, na kabla saa sita hazijatimia awe amekunywa lita tatu mpaka nne. Tusiseme "amenyonya, nimemwona". Mtamba wa uzazi wa kwanza huwa hana utulivu, anapiga teke, ndama anazungukazunguka na chuchu haipati. Kamua, pima, mpe kwa chupa yenye chuchu. Ng'ombe akizaa saa nane usiku, ni saa nane usiku unakamua. Mume aamshwe naye ashike taa. (Tunaona akina baba mnacheka. Mkumbuke siku hiyo.)

Hapa kwetu wengine dang'a tulikuwa tunaimwaga tukidhani ni uchafu, na wengine tunaipika kwa sababu, tuseme ukweli, ni tamu. Bibi zetu walijua kuipika mpaka inakuwa kama jibini. Hatuwakatazi. Lakini ndama kwanza, na dang'a ya ndama isichemshwe. Moto unaua kinga na kuigandisha. Ikipoa, weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto kiasi mkono unavumilia. Na mwenye friji kati yetu tumemwomba ahifadhi chupa mbili za dang'a ya ng'ombe mzima mwenye afya zikiwa zimegandishwa, kwa ajili ya ndama wa mwenzetu ambaye mama yake amekufa au hana maziwa. Hizo chupa zimekwisha kutumika, na mtamba aliyezinywa leo ana mimba.

Usafi hatutauzungumza sana, maana mnaujua. Kitovu kitiwe dawa. Ndama akae kwenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, pakavu. Ndoo yake ni yake, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila mara. Anayehara atengwe, na ahudumiwe wa mwisho baada ya wazima. Jambo moja tu tutalitilia mkazo: baadhi ya vijidudu vinavyoharisha ndama vinaharisha watoto pia. Mjukuu anayepewa kazi ya kumnyonyesha ndama mgonjwa kwa vidole, halafu anakwenda kula ndizi bila kunawa, atahara naye. Mtoto mdogo asimguse ndama anayehara. Basi.

Sasa habari ya dawa. Hili linatuletea ugomvi kila kikao. Mwanachama akiona kuhara anataka sindano, na asipopata sindano anaona hajahudumiwa. Lakini kuhara kwa ndama wa wiki ya kwanza hadi ya tatu mara nyingi kunaletwa na virusi au vijidudu vingine ambavyo dawa za kuua bakteria hazivigusi. Zipo nyakati dawa inatakiwa: ndama ana homa, kinyesi kina damu, ndama amelala hainuki. Hapo mtaalamu ataamua. Joto la kawaida la ndama ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, na kipimajoto tunacho kwenye sanduku la kamati. Kije kiazimwe, kirudi kimeoshwa. Ndama akifika 40 na zaidi, na tezi zimevimba chini ya sikio, pengine si kuhara tu, ni ndigana kali, na hiyo ina tiba yake na haingoji.

Ndama wa wiki tatu na kuendelea akihara damu na kujikamua, tunawaza koksidia. Wa miezi kadhaa, tumbo kubwa, nywele zimesimama, tunawaza minyoo. Dawa ni tofauti. Ndiyo maana tunakataa ile desturi ya "mpe ile aliyopewa wa jirani". Na majani ya mpera? Wapo wazee wetu wanaochemsha majani ya mpera, hatuwacheki. Ila maji ya glukosi yatangulie, na mpera usimzuie mtu kumwita mtaalamu.

Mzee mmoja jirani yetu, masika yale ya msiba, alikuja akaangalia akasema: hii ni sotoka. Tulimwelewa hofu yake. Sotoka ndiyo iliyofagia ng'ombe wa nchi hizi miaka ya 1890, na huku kaskazini ilizuka tena mwaka 1997, wengi wetu tunakumbuka chanjo zile. Lakini sotoka imekwisha. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetokomezwa duniani kote, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa kabisa na binadamu. Kwa hiyo ng'ombe akihara leo, hatuna sababu ya kukata tamaa kwamba ni tauni ya Mungu.

Sasa kwa ng'ombe mkubwa, kwa ufupi.

Tumbo la ng'ombe mkubwa si kama letu. Lile tumbo la kwanza, ambalo wachinjaji wanaliita taulo, kwa ng'ombe mkubwa linabeba zaidi ya lita 100, na ndani yake kuna vijidudu vya faida visivyohesabika vinavyochachusha majani. Ukweli ni kwamba sisi hatumlishi ng'ombe. Tunalisha vile vijidudu, navyo ndivyo vinavyomlisha ng'ombe. Ndiyo maana zile kapsuli za watu ukimwagia mdomoni mwa ng'ombe mkubwa unawaua wafanyakazi wake mwenyewe. Na ndiyo maana hawapendi kubadilishiwa chakula ghafla.

Mwenzetu mmoja alikwenda msibani siku moja, akamwacha kijana, na kamba ikakatika. Ng'ombe alikuta gunia la pumba na ndoo ya machicha ya mbege. Alikula vyote. Jioni amesimama kama mlevi, hacheui, kesho yake anahara maji ya kijivu yenye harufu ya uchachu. Chakula cha nguvu kikiingia kingi kwa mara moja kinachacha mno, asidi inajaa, vijidudu vya faida vinakufa, na asidi inaingia mpaka kwenye damu. Huyo hahitaji kunyweshwa mafuta wala pombe. Huyo ni wa mtaalamu haraka, na wakati unamngoja ondoa kila kitu isipokuwa majani makavu. Ng'ombe alipona, lakini maziwa hayakurudi kama zamani, na kwato zilimsumbua muda mrefu. Pumba na machicha si adui. Anza kwa kiasi kidogo, ongeza taratibu kwa wiki mbili, na majani yatangulie kabla ya pumba. Ng'ombe anayecheua vizuri anatoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, na mate hayo ndiyo magadi yake ya kutuliza asidi. Asiyepewa majani ya kutafuna hana mate.

Kujaa gesi ni kisa kingine. Masika, majani machanga yenye umande, na hasa majani ya jamii ya kunde, yanatoa povu tumboni, ng'ombe anashindwa kucheua na kubeua. Upande wa kushoto nyuma ya mbavu unavimba kama ngoma. Tuyaache majani yanyauke nusu siku kabla ya kulisha. Ikishatokea, ng'ombe asilale ubavu. Asimame miguu ya mbele ikiwa juu, afungwe kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune na abeue. Kama ni povu, mafuta ya kupikia, robo lita hadi nusu lita, yanyweshwe polepole kichwa kikiwa sawa, yanavunja povu. Kumtoboa kwa kisu ni kazi ya mtaalamu. Tumewahi kuona ng'ombe aliyetobolewa na jirani mwenye nia njema, na hatutaki kuona tena.

Ikiwa gesi inajaa na kupungua, inajaa na kupungua, wiki baada ya wiki, tunauliza habari ya plastiki. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini iliyokwisha kuzikwa ardhini bado inaibuka, na kamba za nailoni za kufungia majani zipo kila siku. Majani yaliyokatwa kando ya barabara yachambuliwe kwa mkono, mzigo kwa mzigo. Plastiki haisagiki, inakaa tumboni inajikunja mpaka inakuwa kama mpira. Na majani yaliyokatwa kwenye mabwawa na mifereji ya tambarare yana hatari ya minyoo bapa ya ini. Ng'ombe anakonda, anahara mara kwa mara, anavimba chini ya taya. Mweleze mtaalamu majani yalitoka wapi, itamsaidia.

Kuna wanachama wawili walionunua punda wa kubebea majani, na wametuuliza kama hayo yote yanamhusu punda. Hapana. Punda na farasi uchachushaji wao uko nyuma, kwenye utumbo mpana, na hawacheui. Wala hawawezi kutapika. Punda akigeuka kutazama ubavu wake, akijilaza na kuinuka, akikwaruza ardhi na mguu, tumbo linamuuma, nalo linaweza kuwa limejisokota. Ondoa chakula, usimnyweshe kitu kwa chupa, ita mtaalamu. Punda ni mvumilivu mno, hapigi kelele. Akionyesha kuumwa ujue ameumwa siku nyingi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumebakiza jambo moja ambalo ni la kikao, lakini tunalisema hapa ili mashahidi wawe wengi. Tangu mwaka ule wa msiba, kila mkopo wa ng'ombe unakatwa kiasi kidogo kinachoingia katika mfuko wa ndama. Mfuko huo ndio ulionunua kipimajoto, mpira wa tumboni anaoutumia bwana mifugo, chupa za chuchu, na unga wa ndama ambao hauishi kwenye sanduku. Ndama akiugua, mwanachama akatoa taarifa siku ya kwanza, mfuko unalipa nauli ya mtaalamu, na ndama akifa marejesho yanasogezwa miezi mitatu bila faini. Wapo wanaosema tumelegeza kanuni. Tunawajibu kwamba siku za faini watu walikuwa wanaficha ndama mgonjwa mpaka amekwisha, ndipo tunasikia. Sasa tunagongewa mlango usiku. Tunapenda zaidi kugongewa.

Tunachoomba kwa kata ni kitu kimoja. Bwana mifugo wetu ni mmoja na vijiji ni vingi. Masika barabara ya juu haipitiki hata kwa pikipiki. Tunaomba vijana wawili wa kijiji hiki, na mmoja awe msichana, wafundishwe kazi ya kusaidia mifugo. Nauli ya mafunzo mfuko wetu utachangia, tumekwisha kupiga kura.

Baada ya chakula, tafadhali wanachama wapya msiondoke. Kwenye banda la Mwenyekiti kuna ndama wa siku nne, naye tangu jana anahara kidogo. Maji yamechemshwa tangu asubuhi, sasa yamepoa. Tutakwenda tumfinye ngozi, tumtie kidole mdomoni, na kila mmoja atakoroga lita yake kwa mkono wake.